Goli la Upande wa Kaloleni

Waliokuwepo katika ofisi ya uwanja mjini Arusha Jumapili ile asubuhi ni hawa: Inspekta Elihuruma Nnko, mpelelezi wa shauri, Koplo Sylvanus, mwandishi wa maelezo, Mwalimu Thomasi Urio, kamisaa wa mchezo, Bwana Aristides Temu, mfanyabiashara wa madini na mfadhili wa timu ya Sufi, Philemoni, mtunza vifaa wa timu hiyo, Sakaya, nahodha wake, Ephraimu, mlinzi wa lango la uwanja, na Naisiae, mke wa Lengai. Lengai mwenyewe, mtunza uwanja, hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitalini, mkono wa kulia umefungwa plasta, na askari mmoja ameketi mlangoni mwa wodi kuhakikisha kwamba hatoroki.

Shauri lilikuwa fupi kulieleza na refu kulivumilia. Jumamosi jioni, siku ya mwisho ya Ligi Daraja la Pili, timu ya Sufi ilitakiwa kucheza na Usa Kahawa. Kabla mwamuzi hajapuliza kipenga, Philemoni alipiga kelele kutoka goli la upande wa mtaa wa Kaloleni kwamba amefukua uchawi. Ulikuwa kichwa cha kuku mweusi, kimeviringishwa kitambaa chekundu na kufukiwa kwenye mstari wa goli. Wachezaji wa Sufi waligoma kuingia mpaka aje mtaalamu wa kulisafisha goli hilo. Katikati ya mabishano, Philemoni akamnyooshea kidole Lengai, akisema alimwona asubuhi amechuchumaa palepale. Mashabiki hawakungoja neno la pili. Walimkokota mzee yule, wakampiga, wakamvunja mkono. Polisi walimwokoa, kisha, kwa hoja ambayo Inspekta aliisoma mara mbili bila kuielewa, polisi haohao wakamkamata yeye. Mkuu wa kituo alikwisha kuagiza kwamba Jumatatu Lengai apelekwe mahakamani chini ya sheria ya uchawi, isipokuwa Inspekta Elihuruma awe na jambo jingine la kumweleza kabla ya jua la Jumapili kuzama.

Inspekta alikuwa amepanga kushinda kijijini Akeri siku hiyo, akipogoa kahawa yake. Badala yake alikuwa ameketi mbele ya meza yenye simu nyeusi ya ofisi, glasi ya maji na mfuko wa rambo uliobeba kile kichwa cha kuku. Watu wote walikuwa wameuhama mfuko ule kadiri chumba kilivyoruhusu. Kwa kuwa chumba chenyewe kilikuwa kidogo, walikuwa wamebanana ukutani kama kuku waliokimbia mvua. Hata Koplo Sylvanus, mtu wa miraba minne, alikuwa amesogeza kiti chake hadi dirishani na alikuwa akiandika maelezo juu ya goti.

"Tuanze upya," Inspekta alisema, na haikuwa mara yake ya kwanza kusema hivyo asubuhi ile. "Nauliza jambo moja tu. Nani alikuwa wapi kabla ya mchezo? Sitaki kusikia nani alirogwa, nani ataroga, wala babu ya nani aliwahi kugeuka fisi. Nani alikuwa wapi. Philemoni."

"Afande, mimi nakueleza ukweli mtupu. Hawa watu wa Usa ni watu wabaya. Msimu uliopita walituletea nyuki uwanjani."

"Philemoni."

"Nyuki, afande! Katikati ya mchezo! Sasa niambie, nyuki wanajua ratiba ya ligi?"

Sakaya alicheka, kisha akakumbuka mahali alipo, akakohoa. Inspekta alifumba macho kidogo, kama mtu anayesubiri jino litulie.

"Nimekuuliza mahali, umenijibu nyuki. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na timu yangu."

"Timu yako ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa inajiandaa."

"Sylvanus, andika kwamba timu ilikuwa inajiandaa," Inspekta alisema kwa sauti ya chini. "Na uandike vizuri, maana hilo ndilo jibu bora nililopata tangu nifike."

Akamgeukia kamisaa. Mwalimu Thomasi alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na mtu asiyeweza kujibu swali bila kwanza kulijengea msingi. Chama cha mpira kilimtuma asimamie kanuni za mchezo, naye kanuni alizijua kwa moyo kama wengine wanavyozijua zaburi.

"Mwalimu, nieleze kwa ufupi mchezo wa jana ulikuwa na uzito gani."

"Kwa ufupi kabisa, Inspekta. Ligi Daraja la Pili ya kanda yetu ina timu nane. Kila timu hucheza na kila timu, nyumbani na ugenini. Inayoongoza mwishoni hupanda daraja. Inayoburuta mkia hushuka, ikarudi kusota kwenye ligi ya mkoa, ambako goli halina nyavu na mwamuzi huja kwa baiskeli. Hadi jana asubuhi, Sufi na Mawenzi Stars ya Moshi walikuwa sawa kwa pointi, na sawa kwa tofauti ya mabao. Usa Kahawa walikuwa wamekwisha kushuka. Sasa, kanuni inasema kwamba michezo ya siku ya mwisho inayohusu timu zinazowania kupanda lazima ianze saa ileile, Arusha na Moshi, kwa sababu kama mmoja—"

"Inatosha, Mwalimu. Nilitaka uzito, sikutaka kanuni."

"Uzito uko ndani ya kanuni, Inspekta."

"Inatosha."

Mwalimu alifunga mdomo kwa heshima ya mtu aliyezoea wanafunzi wasiosubiri mwisho wa sentensi.

Bwana Aristides aliona nafasi yake. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa, naye alizungumza kama mtu aliyezoea kusikilizwa. Zamani Sufi ilikuwa timu ya kiwanda cha mablanketi cha serikali. Kiwanda kilipobinafsishwa, mnunuzi alichukua mashine akaacha wachezaji, na Aristides ndiye aliyewaokota, akawapa jezi, kambi na lori la kusafiria. Mji mzima ulijua kwamba kampuni moja ya vinywaji ilikuwa ikisubiri kuona ni timu ipi itapanda, ili iandike jina lake kifuani mwa jezi hizo.

"Inspekta, mimi naona tunazunguka mbuyu bure," alisema. "Mzee yule alikuwa peke yake uwanjani asubuhi nzima. Ameonekana amechuchumaa golini. Na kitambaa chenyewe ni chekundu. Hapa mjini nani wanaopenda nguo nyekundu? Tusioneane haya."

Naisiae, ambaye hadi hapo alikuwa ameketi kimya na mikono yake juu ya magoti, aliinua uso.

"Ndiyo, sisi tunavaa shuka nyekundu," alisema kwa Kiswahili cha taratibu, akilipima kila neno. "Tunavaa wenyewe. Hatumvalishi kuku."

Ephraimu alipiga goti lake kwa furaha. "Umepatikana, tajiri!"

"Nyamaza wewe, kazi yako ni geti," Aristides alisema.

"Lengai wangu alichuchumaa, ni kweli," Naisiae aliendelea. "Kuchora mistari ya chokaa. Mtu atachora mstari wa chini akiwa amesimama? Baba Inspekta, mume wangu ni mzee wa kanisa kwetu Ngaramtoni. Leo ibada ya kwanza wametangaza akae kando ya huduma mpaka kesi iishe. Watu wote wamenitazama. Nimetoka kabla ya sadaka, nikaja hapa. Kesho akisimama kizimbani kwa uchawi, hata kama hakimu atamwachia, nani atapokea tena kikombe cha ushirika kutoka mkono wake? Mkono utapona. Hilo jingine halitapona."

Inspekta aliuvuta mfuko wa rambo, na ukuta mzima wa watu ukarudi nyuma kwa pamoja.

"Afande, usiguse kwa mkono mtupu!" Sakaya alisema. Alikuwa kijana mrefu mwenye kovu juu ya nyusi, na hofu yake haikuwa ya kuigiza.

Inspekta alifungua mfuko, akakitoa kichwa cha kuku, akaanza kukifungua kitambaa. Fundo lilikuwa safi. Nyuzi za pembeni zilikuwa bado na ule ugumu wa kitambaa kilichotoka dukani. Udongo ulikuwepo kwa nje, lakini ulipukutika mezani kama unga.

"Sylvanus, jana mchana mvua ilinyesha?"

"Mvua, afande? Ile haikuwa mvua, ilikuwa gharika. Mawingu yalishuka Meru wakati wa chakula cha mchana, tukadhani mchezo utaahirishwa."

"Mwalimu?"

"Uwanja uligeuka jaruba, Inspekta. Jua lilipotoka ndipo ulipoanza kukauka. Magolini ndiko maji yalikotuama zaidi, kwa sababu nyasi za golini zimekwisha kwa kukanyagwa."

Inspekta aliichukua glasi yake ya maji na kuitumbukiza ncha ya kitambaa. Mara rangi ikaanza kushuka kama uzi, kisha kama moshi, na kabla hajakitoa kitambaa, glasi nzima ilikuwa imekuwa nyekundu kama juisi ya choya.

"Rangi ya bei poa," alisema. "Haivumilii hata maji ya glasi. Kama kitambaa hiki kingekuwa golini asubuhi, gharika ya Sylvanus ingekiacha cheupe, na mstari wa goli ungekuwa umetapakaa wekundu. Hiki kilifukiwa baada ya mvua, jua likiwa limekwisha kukausha udongo wa juu. Sasa, Ephraimu. Baada ya mvua Lengai alikuwa wapi?"

"Nimeshalisema hilo tangu jana, afande, ila hakuna aliyeniuliza." Ephraimu alijiweka sawa kitini. "Mvua ilipokatika, watu walijaa getini. Kamisaa akaniongezea Lengai anisaidie kuzuia msukumo. Tulisimama naye bega kwa bega mpaka kelele zilipoanza. Hakutoka hata kwenda haja. Wale waliompiga walimvuta kutoka mikononi mwangu."

"Ni kweli," Mwalimu Thomasi alisema. "Mimi ndiye niliyempanga pale."

Inspekta aliwageukia wote wawili.

"Ninyi wawili mlikuwa mnalijua hilo jana jioni, mzee wa watu akiwekwa pingu kwenye mkono ambao haukuvunjika?"

"Polisi waliuliza nani amemwona Lengai asubuhi," Ephraimu alijibu. "Mimi asubuhi sikuwepo."

Inspekta aliisogeza glasi kando. Naisiae aliutazama mdomo wake kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali, lakini Inspekta alitikisa kichwa.

"Bado, mama. Nikimpelekea mkubwa wangu glasi ya maji mekundu, ataniuliza: kama si Lengai, nani? Nisipokuwa na jibu, kesho mume wako atasimama kizimbani na glasi hii itamwagwa."

"Basi ni Usa Kahawa," Aristides alisema haraka. "Nilisema toka mwanzo."

"Hukusema toka mwanzo. Toka mwanzo ulisema Lengai. Lakini haya, tuwatazame Usa Kahawa. Ephraimu, waliingia lini?"

"Mvua ilipokwisha. Walipita getini wote, na kocha wao, na mzee wao mwenye mwavuli. Wakaenda moja kwa moja chumba cha kubadilishia nguo."

"Hakuna aliyechepuka?"

"Haikuwezekana," Mwalimu aliingilia. "Nilikuwa nawasubiri mlangoni na leseni zao. Kanuni inataka kila mchezaji asimame mbele yangu, nilinganishe sura na picha, ndipo avae jezi. Nikafunga mlango kwa ndani mpaka nilipomaliza. Msimu huu nimekwisha kukamata mtu aliyecheza kwa leseni ya marehemu, Inspekta, kwa hiyo sifanyi mzaha. Nilipowaachia, walitoka pamoja wakapashia misuli goli la upande wa mlima. Kule kwingine hawakukanyaga."

Hapo Inspekta aliona njia aliyokuwa akiifuata tangu alfajiri ikiishia kwenye ukuta. Lengai hakuweza. Usa hawakuweza.

"Na Sufi? Ephraimu, Sufi walipita getini saa ngapi?"

"Sufi hawakupita getini, afande."

"Walichelewa?"

"Hapana. Hawakupita kabisa."

"Naweza kuapa hata kwa Biblia," Aristides alidakia, mikono imefunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Hakuna mchezaji wangu hata mmoja aliyepita kwenye geti lile. Muulize mlinzi, muulize kamisaa."

"Kweli tupu," Ephraimu alisema.

"Kweli kabisa," kamisaa alikubali.

Inspekta aliweka viganja vyote viwili juu ya meza. "Jana timu ya Sufi ilicheza mpira ndani ya uwanja huu. Nimeambiwa ilishinda. Uwanja una ukuta pande zote na geti moja. Hawakupita getini. Je, walinyesha pamoja na mvua?"

Watu walitazamana kama wanafunzi walioulizwa jina la baba yao. Hatimaye Ephraimu alisema, kwa upole wa kumwonea huruma mkubwa wake:

"Waliruka ukuta, afande. Kama kawaida."

"Kama kawaida?"

"Timu ikiogopa kwamba getini pamefukiwa kitu, haipiti getini. Inaruka. Wengine hupandia mti, Sufi huegesha lori lao kule Kaloleni na kupandia juu yake. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua!" Inspekta alisema, na hii ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Nimekaa hapa tangu asubuhi nikiuliza nani alikuwa wapi! Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Uliuliza nani alipita getini, afande. Ukuta hukuutaja."

"Na leseni zao, Mwalimu? Wao hawakusimama mbele yako?"

"Walisimama, kwa utaratibu kamili," kamisaa alijibu, akiwa amechukizwa kidogo na dhana kwamba kanuni ingeweza kulegezwa. "Kwa kuwa hawaingii vyumbani kwa hofu hiyohiyo, hubadilisha nguo penye ukuta walikorukia. Niliwaendea huko nilipomalizana na Usa. Niliwakuta wamekwisha kuvaa soksi."

"Kwa hiyo walikuwa wamekwisha kukaa pale wakati wewe umejifungia chumbani na Usa."

"Ndiyo."

"Pale ni wapi, Mwalimu?"

"Nyuma ya goli."

"Goli lipi?"

Mwalimu Thomasi alivua miwani.

"La upande wa Kaloleni," alisema.

Kalamu ya Koplo Sylvanus ilisimama. Philemoni aliangalia sakafu. Aristides tu ndiye aliyecheka, kicheko kifupi kisicho na kina.

"Sasa Inspekta, hiyo si hoja. Timu ijiroge yenyewe? Ijifukie kuku ndani ya uwanja wake wa nyumbani, siku ya kupanda daraja? Hawa vijana waliogopa mpaka walitetemeka. Waligoma. Tulichelewa karibu saa nzima."

"Walimngoja mtaalamu," Inspekta alisema. "Alikuja?"

"Alikuwa njiani kutoka Momela."

"Sikuuliza alikuwa wapi. Alikuja?"

"Hakuja," Mwalimu alisema. "Nilimwambia Bwana Aristides kwamba nikiona jua limegusa paa la jukwaa, nawapa Usa ushindi wa mezani. Hapo ndipo walipoingia."

"Bila goli kusafishwa."

"Bila."

Inspekta alimgeukia nahodha. Safari hii hakuonyesha ukali; alisema naye kama mtu anayemsaidia mwenzake kushusha mzigo.

"Sakaya, mwanangu. Wewe unaogopa mambo haya kweli. Nimekuona nilipofungua mfuko. Shilingi iliporushwa jana, nani alishinda?"

"Mimi, afande."

"Ukachagua nini?"

Sakaya alilamba midomo. "Goli."

"Lipi?"

"La Kaloleni. Jua linashukia nyuma yake. Ukianza pale, wapinzani linawapiga machoni kipindi cha kwanza. Daima tunaanza pale."

"Najua mpira, nilicheza winga nilipokuwa chuoni. Ninalouliza ni hili. Mtu anayeruka ukuta ili asikanyage geti, anapewa nafasi ya kuchagua goli lolote, na anachagua lile lililofukuliwa kichwa cha kuku, ambalo hakuna mtaalamu aliyeligusa. Hukuogopa?"

"Niliogopa! Mimi nilitaka goli la upande wa mlima. Ila Philemoni aliniita pembeni kabla ya shilingi, akaniambia chukua la Kaloleni kama kawaida, pale hakuna kitu. Nikamwambia, mtaalamu hajaja. Akasema, mimi ndiye nakwambia hakuna kitu, kile ni kichwa cha kuku tu. Akaapa kwa mama yake. Philemoni huwa haapi kwa mama yake hovyo, afande."

"Sakaya!" Philemoni alisema.

"Si ulisema? Tena golikipa alikataa, ukaenda ukasimama kwenye mstari mwenyewe, ukarukaruka, ukamwambia unaona?"

Ephraimu alishika mdomo. Sakaya alitazama huku na huku, na polepole uso wake ukaanza kuelewa kile ambacho mdomo wake ulikuwa umekwisha kukisema.

"Kumbe," alisema. "Kumbe, Philemoni? Tumetetemeka saa nzima kwa kuku wako?"

"Bado nina swali moja," Inspekta alisema, "na ni kosa langu kwamba sina jibu lake. Mwalimu, ulianza kunieleza kwa nini michezo ya siku ya mwisho huanza saa ileile. Nilikukatisha. Nakuomba umalize."

Mwalimu Thomasi alirudisha miwani yake puani. Hakuonyesha kwamba amefurahi, lakini aliketi wima zaidi.

"Kwa sababu kama mmoja ukitangulia kwisha, timu ya mchezo wa pili itacheza ikijua inahitaji mabao mangapi. Mwenzake alicheza gizani, yeye anacheza akiwa na taa. Jana Moshi walianza kwa wakati. Mawenzi Stars walishinda manne bila. Wakati mchezo wa Moshi unakwisha, hapa tulikuwa mapumziko, Sufi wakiongoza kwa bao moja. Kipindi cha pili walirudi wote wakishambulia, hata mabeki. Wakamaliza kwa matano bila."

"Bao moja zaidi ya Mawenzi."

"Bao moja zaidi. Nami nimekaa na mabao hayo usiku kucha nikijiambia ni bahati ya mpira."

"Sakaya, mabeki nani aliwaambia wapande?"

"Tajiri. Alikuja mapumziko akasema, vijana, nataka manne mengine, msirudi nyuma hata mmoja. Tukajua ni morali tu."

"Na kabla ya mapumziko tajiri alikuwa wapi? Ephraimu, chumba hiki ufunguo wake anao nani?"

"Mimi. Aliniomba nimfungulie apige simu. Alikaa hapa mpaka wachezaji walipotoka uwanjani kwa mapumziko."

Macho yote yaliiangalia ile simu nyeusi, kisha yakamwangalia Aristides.

"Nilimpigia mke wangu," alisema.

"Yuko wapi mke wako?"

"Moshi."

"Anapenda mpira?"

Aristides alitoa leso mfukoni, akaitazama kama hajui ni ya nini, akairudisha. Philemoni ndiye aliyevunjika kwanza.

"Mimi niliambiwa tuchelewe tu, afande!" Maneno yalimtoka kwa kusukumana. "Tajiri aliniambia tafuta sababu ya kuchelewa, kamisaa huyu hahongi wala hahongeki. Nikasema, sababu ni rahisi, kitu kikionekana golini hakuna atakayeuliza mara ya pili. Kuku nilimtoa kwa mama ntilie, kitambaa nilinunua palepale Kaloleni. Kumpiga mzee haikuwemo! Watu waliniuliza, nani amefukia, nani, nani, wamenizunguka, wana mawe. Nikataja jina la kwanza lililonijia. Nilikuwa nimemwona asubuhi nilipopita kukagua nyavu. Nikasema Lengai. Nilidhani watamzomea tu."

"Alikupa chai asubuhi," Naisiae alisema. "Aliniambia hospitali. Alisema, 'Philemoni alikuja, nikampa chai ya chupa yangu.' Hayo tu alisema. Hakusema kingine juu yako."

Philemoni alifunika uso kwa mikono miwili. Aristides alisimama, akavuta koti lake likae sawa, akasema kwamba hayo yote ni maneno ya mtunza jezi, kwamba wakili wake angepigiwa simu, na kwamba kuchelewesha mpira si kosa katika nchi yoyote ile duniani. Akaikaribia simu. Koplo Sylvanus, aliyekwisha kusahau kumwogopa kuku, alikuwa amekwisha kusimama kati yake na meza.

Inspekta Elihuruma aliinuka. Alikirudisha kitambaa ndani ya mfuko, akaukabidhi mfuko na glasi kwa koplo, akamwambia achunge visimwagike. Kisha alisema polepole na wazi, ili kila mtu asikie na asiwepo wa kudai baadaye kwamba hakuulizwa.

"Sikilizeni uamuzi wangu. Sakaya na Ephraimu, mtaandika maelezo yenu upya hapa hapa, kila kitu, na ukuta uwemo. Mwalimu Thomasi, mabao ya jana si kazi ya polisi. Hayo utayapeleka kwenye chama chako pamoja na kanuni yako, na safari hii wakikukatisha, usikubali. Philemoni na Bwana Aristides, mnakwenda kituoni nami sasa, kwa kumsingizia mtu na kumsababishia kipigo. Wakili atawakuta huko. Askari aliye mlangoni mwa wodi anaondolewa kabla ya saa sita. Mama Naisiae, mkubwa wangu ameagiza Lengai afike mahakamani kesho, nami sivunji amri ya mkubwa: atafika. Nitamchukua mwenyewe kwa gari, atapita mlango wa mbele, na ataketi penye benchi la mashahidi. Na leo, tukishawafungia hawa, wewe na mimi tunapanda Ngaramtoni. Ibada ya pili ina matangazo yake, na nitamwomba mchungaji anipe nafasi nisome hili la Lengai mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa sare."